Mbuzi wa Mwalimu na Ufunguo wa Stoo

Yule mwalimu aliyewafundisha watoto wa mtaa wetu sataranji amekufa. Niliambiwa Jumanne asubuhi, nikiwa nimeketi nje na majani ya mkoma niliyoyaloweka, nasuka kikapu. Mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni kabla ya saa ya chai, akitembea polepole, na mtoto huyo huwa hatembei, hukimbia. Akasimama mbele yangu akasema, “Ata, Madam ameenda.” Ata ni nyanya kwa Kiturkana. Nikamwuliza, “Ameenda wapi, Kenya?” kwa maana sisi wa huku, mtu akisafiri kuelekea Kitale na kupita, tunasema ameenda Kenya. Akatikisa kichwa. Ndipo nilipoweka kikapu chini. Alifia hospitalini Kakuma, kifua kilichomsumbua tangu nimjue kikiwa kimemshinda. Walimzika kwao, kule kwenye mvua na migomba, na hakuna hata mmoja wetu wa Lodwar aliyefika kutupa udongo. Basi udongo wangu ni haya ninayoandika, na anayetaka maneno matamu ya kaburini ageuze ukurasa, mimi sina.

Ninyi mnaonisoma kila mara mnajua kwamba niliacha shule darasa la tatu, na kwamba mhariri hunirekebishia nukta na mkato lakini hathubutu kunigusia maneno. Leo hata angethubutu nisingemruhusu. Kabla mwalimu huyo hajazikwa, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Nitasema haki yake: si mtu mbaya. Magunia ya mahindi ya chakula cha mchana yamelala kwenye veranda ya ofisi, na mbuzi wa majirani wanayajua kuliko wanavyoyajua walimu. Anahitaji stoo. Na stoo aliyoitaka ni kile chumba kidogo nyuma ya jiko ambamo watoto hucheza sataranji kila Jumamosi, chumba ambacho ufunguo wake nimeuvaa shingoni pamoja na shanga zangu. “Mama, Madam hayuko tena,” akasema. “Mchezo ulikuwa wake. Nirudishie ufunguo.” Nikamwambia mchezo ni wa watoto, na watoto wapo. Alifungua daftari la mikutano ya wazazi, akalamba kidole, akapekua mpaka nyuma kabisa, akanisomea: “Mama mmoja mzee alisimama akasema mchezo huu ni uvivu uliovalishwa sare ya shule, na chumba kifungwe. Wazazi wakakubali.” Akaniangalia juu ya miwani. “Mama huyo mzee ni nani?”

Mama huyo mzee ni mimi. Kwa hiyo mnisikilize kuanzia mwanzo, kwa sababu siandiki kumsifu marehemu tu. Naandika kuonyesha nilipokosea.

Alikuja kwetu miaka kadhaa iliyopita, mwanamke mnene wa makamo kutoka magharibi, mwenye viatu vya ofisini ambavyo mchanga wa Lodwar ulivimaliza kwa muhula mmoja. Mtaa wetu uko ng'ambo ya soko la mkaa. Ni vibanda vya majani ya mkoma, maboksi na maturubai, na wengi wetu tuliletwa mjini na ukame baada ya kutumalizia mifugo. Watoto wa hapo huenda shuleni kwa sababu ya sufuria ya mchana, na hilo silisemi kwa aibu, mtu mwenye njaa ana akili akienda mahali penye chakula. Mwalimu alikuja na sanduku moja la sataranji ya plastiki, mchezo ambao watoto wanauita chesi. Aliwaambia majina ya vile vidude kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili cha vitabu, wakamtazama tu. Basi akawaachia wavipe majina wenyewe. Vile vidogo vya mbele vikawa mbuzi. Kile kinachokwenda mshazari kikawa ngamia. Farasi hawamjui, wakamwita punda. Kile kinachokwenda moja kwa moja bila kona kikawa lori. Mfalme wakamwita chifu, kwa sababu hatembei ila hatua moja moja na kila mtu anakufa kwa ajili yake. Na yule malkia, anayekwenda popote anapotaka na hakuna wa kumwuliza, wakamwita ata. Niliposikia hilo nilijifanya nimekasirika.

Wiki ya kwanza haikwisha kabla sanduku halijabaki tupu. Ilikuwa hivi. Mtoto akila mbuzi wa mwenzake ubaoni alimtia mfukoni akaenda naye nyumbani, kwa sababu huku kwetu mnyama uliyemteka ni wako, na hakuna mtoto aliyewahi kusikia kwamba unateka mifugo halafu jioni unaikusanya uirudishe kwenye boksi. Mwalimu hakuwahi kuwaambia, maana huko kwao halikuwa jambo la kuambiwa. Ndiyo siku niliyomwona kwa mara ya kwanza, anazunguka nyumba kwa nyumba, anahema kama aliyepanda mlima.

“Ejok, mama,” akanisalimu, akijaribu.

“Ejok-nooi. Umepotea?”

“Sijapotea. Natafuta mbuzi wangu.”

Nikamtazama kuanzia viatu. “Wa rangi gani?”

“Weupe watatu. Na punda mmoja mweusi.”

“Walitoka lini?”

“Jana. Darasani.”

Nikajua jua limempiga. Nikamwita mjukuu amletee maji, na mjukuu akatoka na maji mkono mmoja na mkono wa pili ameshika mkebe wa maziwa ya unga. Ndani ya mkebe kulikuwa na mbuzi watatu weupe, punda mweusi, na majani makavu aliyowatilia wasilale njaa. “Sikuiba,” akasema. “Niliwateka. Aulizwe hata mwenye mbuzi.”

Mwalimu akanigeukia kama mtu anayemtazama hakimu. Mimi sikujua mchezo, lakini sheria ya mifugo naijua. Nikamwambia, “Madam, mbuzi aliyetekwa harudishwi kwa kuombwa. Ukimtaka, keti umteke.” Alicheka mpaka kifua kikambana, akaketi mchangani na sketi yake nzuri, akatoa ubao kwenye mkoba, wakacheza. Alirudi na mbuzi wawili na punda. Mbuzi wa tatu hakumpata mpaka anakufa. Kesho yake aliwawekea darasani boksi lenye kifuniko, akaliita boma, na sheria ikawa kwamba waliotekwa wote wanalala humo na asubuhi wanafunguliwa. Waliopotea kabisa nilimfundisha kuwachonga kwa kokwa la mkoma, lile gumu la ndani, jeupe kama jino. Weusi tuliwapaka masizi na mafuta.

Mimi nimezika kaka wawili kwa sababu ya mifugo iliyotekwa. Huo ndio uvamizi pekee niliouona maishani ambapo kesho yake kila mtu alikuwa hai na mbuzi wote wako bomani. Lakini wakati ule sikuona hivyo. Nilicheka naye siku moja, kisha nikaanza kukasirika. Mjukuu wangu alikuwa akiketi na ubao ule mgongo umepinda, hasikii anapoitwa, na mgongo huo niliujua. Marehemu mume wangu alikuwa mchezaji wa ng'ikiles, ule mchezo wa wanaume wa vishimo na mawe, na aliketi kwenye vishimo vyake kuanzia jua la asubuhi mpaka kivuli kinarudi upande wa pili, huku mimi nina mtungi kichwani na mtoto mgongoni, na mbuzi wake wanaingia mashamba ya watu pale mtoni. Nilipowaona watoto wameinama hivyo, niliona kizazi kingine cha migongo ya wanaume ambayo wanawake wataibeba. Basi mkutano wa wazazi ulipofika nikasimama, nikasema yale mliyoyasikia. Nilisema vizuri, watu walinipigia makofi. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, nikadhani anaandika mashtaka.

Chumba kikafungwa. Naye akawatoa watoto nje, akawapanga kwenye kivuli cha ukuta wa vyoo, maana hakuna kivuli kingine uwanjani, na kivuli kikisogea nao wanasogea na mbao zao walizozichora kwenye maboksi, bila kuangusha hata mbuzi mmoja. Harufu waliivumilia. Nilipita pale mara moja nikijidai natafuta kuni. Aliniona. Akasema, “Karibu, mama, nafasi iko.” Nikasema nina kazi. Akasema, “Kazi ni nzuri,” akarudi kwenye mbao. Hakunidharau na hakunibembeleza, na hilo liliniudhi kuliko kama angenitukana.

Kisha ikaja safari ya Kakuma. Watoto wa shule moja ya kambini walikuwa wakicheza chesi, na mwalimu akapanga wetu waende wakashindane nao. Shule ikasema wasichana hawaendi bila mama mzee wa kuwaangalia, nami nikajitolea. Nitawaambia ukweli: nilikwenda ili nishuhudie mwisho wa upuuzi ule. Huku mjini kuna watu waliosema tunawapeleka watoto kwa wakimbizi kufanya nini, wale wana kila kitu, sisi tuna nini. Mwalimu aliwajibu, “Tuna mbuzi wa mkoma,” akapanda gari.

Ukumbi ulikuwa wa mabati, joto la kupikia mkate. Watoto wa Kongo, wa Sudan Kusini, Wasomali, wote wamekaa wima kama walioambiwa watapigwa picha. Kijana mmoja wa nyuma alisema kwa sauti ya kusikika, “Hawa wa Lodwar wamekuja kuchunga ama kucheza?” Wenzake wakacheka. Mzee Mkongomani aliyewafundisha akamkata jicho, akanigeukia mimi: “Mama, usikasirike. Batoto beko vile. Ikala hapa, joto iko mingi.” Akanipa kiti chake mwenyewe. Watoto wetu walipigwa. Sitapamba. Walipigwa karibu wote, na mjukuu wangu alipigwa na msichana wa Kisomali mdogo kuliko yeye, mwenye buibui na kikohozi. Nami, Mungu anisamehe, moyoni nilifurahi. Nilisema, leo basi, imekwisha.

Mwalimu akasimama. Nilidhani atawafariji, au atawakemea, mimi ningewakemea. Akasema, “Tuna sheria gani?” Watoto wetu wakajibu pamoja, kwa sauti ndogo, “Aliyepigwa ndiye mwalimu.” Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake yote kule kwenye kivuli cha vyoo, nami sikuijua. Mtoto aliyeshindwa alisimama mbele ya wote, akapanga tena vidude kama vilivyokuwa pale mambo yalipoharibika, akasema kwa kidole, nilikosea hapa. Haombi radhi wala halii, na hasemi jua lilikuwa kali. Anaonyesha mahali, na hakuna anayeruhusiwa kucheka. Mjukuu wangu alitangulia. Mbele ya wageni wale wote, na yule kijana wa nyuma, akapanga ubao akasema, “Nilikosea hapa. Nilimtazama ngamia nikasahau lori.” Akakwama, hakumbuki punda alikuwa wapi. Msichana wa Kisomali akainuka, akamwekea punda mahali pake. “Alikuwa hapa,” akasema. “Nilikuwa namwogopa huyo.” Mzee Mkongomani akaniinamia: “Mama, huyu muntoto ni wako?” Nikasema ni wangu. “Basi ulimulea muzuri.” Lakini hilo sikuwa nimelilea mimi.

Nimeishi na waume, machifu, wazee wa kanisa na waheshimiwa wanaokuja na magari wakati wa kura. Nimewaona wakipoteza mifugo ya watu, maji ya watu, barabara za watu. Sijawahi, hata siku moja, kumwona mmoja wao akisimama mbele ya watu akasema nilikosea hapa, akaonyesha mahali. Husema ni ukame. Husema ni wale waliokuwepo kabla yetu. Kila mgeni anayefika mtaani kwetu huwapima watoto wetu mkono kwa ule utepe wa rangi, aone kama wamekonda, anaandika, anaondoka. Tunashukuru, kwa maana kweli wamekonda. Lakini mwanamke huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akiwadai kitu. Aliwaona wana njaa, na bado akawadai ukweli, kama watu wazima wenye heshima zao. Nami niliyemnyima chumba nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha kupewa.

Hapa ndipo nilipokosea, na hapa ndipo nawaomba mtazame vizuri. Tuliporudi Lodwar nilikwenda ofisini nikasema mimi mwenyewe nitakaa na watoto chumbani kila Jumamosi, wanipe ufunguo. Wakanipa, maana hakuna aliyetaka kubishana nami. Nikampelekea mwalimu, akaniambia niuvae. Badala ya asante akasema, “Lakini siku moja utasimama, mama. Mkutanoni. Kama watoto.”

“Nitasimama nikiulizwa,” nikamjibu.

“Watoto hawaulizwi.”

Sikusimama. Nilitengeneza jambo kimyakimya, kama watu wakubwa wanavyofanya, nikaona imetosha. Alihamishiwa Kakuma mwaka uliofuata, akafundisha kambini na yule mzee, huku kwetu watoto wakaendelea wenyewe na mjukuu wangu akiwapangia. Mimi nilijifunza kucheza. Nacheza vibaya na polepole. Kila alipopita Lodwar alikuja kuniuliza, “Umesimama?” nami kila mara nilimwambia mkutano haujafika, na ilikuwa imefika mingi. Sasa amekufa, na maneno niliyoyasema mbele ya watu bado yamo kwenye daftari, yana nguvu kuliko ufunguo wangu. Mwalimu mkuu hakunidhulumu alipoyasoma. Yalikuwa yangu.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na mkutano. Sikungoja kuulizwa. Nilikwenda mbele na ubao chini ya kwapa, na kokwa za mkoma kwenye kitambaa, nikaupanga mezani mbele ya mwalimu mkuu. Wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba uzee umenishika. Nikasema, “Nilikosea hapa. Niliona mgongo wa mume wangu nikauadhibu mgongo wa mtoto. Maneno yale ni yangu na yalikuwa ya uongo.” Mwalimu mkuu akasema kwa upole kwamba kumbukumbu za mkutano hazifutwi. Nikamwambia, “Nani amesema ufute? Andika chini yake. Andika mama yule yule mzee.” Katibu alimtazama mkubwa wake, kisha akaandika. Nilisimama juu yake mpaka akaweka nukta.

“Sawa, mama,” mwalimu mkuu akasema. “Tumeandika. Na mahindi je? Niyaweke kichwani?”

Watu wakacheka, na swali lilikuwa la haki. Nikawauliza wanawake waliokaa pale, huku kwetu Turkana nani hujenga nyumba. Wakasema ni sisi. Nikauliza, tangu lini mwanamke wa Turkana ameshindwa kumjengea mtu nyumba, sembuse gunia? Mmoja kutoka nyuma akasema, “Hata hao waume tumewajengea, na hawaliwi na mtu.” Mkutano ukaisha kwa kicheko, lakini bila uamuzi. Bodi itaangalia, wakasema. Mpaka iangalie, Jumamosi vitu vya Madam vitolewe.

Jumamosi mwalimu mkuu alikuja na mlinzi na mkokoteni wa magunia. Aliwakuta wanawake kumi hivi nyuma ya jiko, wamekwisha kusimamisha nguzo na wanafunga fito za ghala la kuinuliwa juu, kama yale ya mama zetu, ambayo mbuzi hafiki. Kisha akaja mlangoni kwetu. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ubao na mjukuu wangu, watoto wengine wametuzunguka, na hali yangu ilikuwa mbaya, nimebaki na chifu, lori moja na ata.

“Mama,” akasema. “Ufunguo.”

Sikuinua kichwa. “Ngoja, Mwalimu. Zamu ni yangu.”

Akangoja. Nikamsikia akihamisha uzito mguu huu hadi ule. Mwisho akauliza, “Utamaliza saa ngapi?”

“Sijui. Mimi hufikiri polepole.”

Mtoto mmoja akacheka, akazibwa mdomo na mwenzake. Mwalimu mkuu akaagiza mkokoteni ugeuzwe ukangojee kule kwenye ghala. Hakusema atarudi, hakusema harudi. Basi na arudi. Kila Jumamosi atanikuta, na kila Jumamosi itakuwa zamu yangu. Siku ile nilishindwa kabla ya saa ya chakula, na mjukuu hakunionea huruma. Watoto wote wakanigeukia, wakangoja, kwa kuwa sheria ni ile ile na haijui uzee. Neno baya nililisema mbele ya watu, na niliporekebisha pembeni halikurekebika. Niliambiwa hivyo na mtu aliye hai, nikangoja mpaka akafa. Ninyi msingoje. Nikasimama, nikaupanga ubao upya kwa vidole hivi vilivyopinda, nikawaonyesha nilipokosea.